Mnyororo wa Arobaini

Katika mji ule mtu hakuulizwa yeye ni nani. Aliulizwa amesimama wapi, na hapo ndipo alipojulikana.

Ukisimama penye rangi ya njano, wewe ni mkazi. Macho yanakulemea, unataka kuvua viatu, unamkumbuka mtoto ambaye pengine huna. Vuka hatua moja uingie penye nyekundu, usingizi unakatika kama uzi, na kabla hujajua umekwisha kumshika mtu mkono wa shati unamwambia hii ni bei ya asubuhi, ukiondoka usirudi kunilaumu. Penye zambarau watu walitengeneza vitu. Penye kijani walipumzika kwa bidii, wameketi wima, mikono magotini, maana walikuwa wameandikiwa kupumzika. Na kila rangi ilikuwa na saa yake. Nyekundu ilikuwa asubuhi siku zote. Njano ilikuwa jioni. Zambarau ilikuwa saa sita, jua la utosi. Mtu aliondoka saa sita kazini akafika jioni nyumbani bila saa hata moja kupita katikati, na wengi walizeeka hivyo, wasijue miaka yao ilidondokea wapi.

Rangi hizo hazikuwa ardhini. Ardhi ilikuwa udongo, kama ardhi nyingine yoyote, na mvua ikinyesha ilikuwa tope. Rangi zilikuwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa mezani katika ofisi moja, na ufunguo wa ofisi ulikuwa mfukoni mwa mtu mmoja. Lakini jaribu kumwambia mtu anayepiga miayo kwamba usingizi wake uko mezani kwa mtu mwingine.

Mbonea alikuwa mtu wa mnyororo. Kwa miaka thelathini alishika ncha ya nyuma ya mnyororo wa kupimia ardhi, ule wa chuma wenye pingili mia, na kazi yake ilikuwa hivi: mtu wa mbele anavuta mpaka mnyororo unakaza, anachomeka mshale; mtu wa nyuma anafika penye mshale, anaung'oa, anaushika, wanaendelea. Mishale ilikuwa ya chuma, mirefu kama toka kiwikoni hadi ncha za vidole, yenye pete kichwani na kitambaa chekundu kwenye pete. Mwisho wa kazi anaulizwa mtu wa nyuma ana mishale mingapi mkononi. Hiyo ndiyo hesabu. Mtu wa mbele hahesabu. Yeye huchomeka na kusonga, kama watu wa mbele wote. Anayehesabu ni wa nyuma, maana ndiye anayepita mahali ambapo jambo limekwisha kufanyika.

Watu wa mnyororo hawakuwa na rangi. Walilala katika mahema, na hema haliwezi kupakwa rangi, kesho halipo. Kwa sababu hiyo Mbonea alivuka rangi zote mara kadhaa kwa siku. Alikuwa mfanyabiashara kwa hatua mia mbili, baba wa watu kwa hatua mia tatu, fundi kwa hatua hamsini. Akifika kambini akavua viatu, alitazama vidole vyake vya miguu akajiuliza ni yupi kati ya wale mwenye vidole hivi.

Mtu anayeishi namna hiyo lazima apate swali, kama vile mla maembe lazima apate nyuzi kwenye meno. Swali la Mbonea lilikuwa moja: mji unaanzia wapi?

Aliwauliza watu wa nyekundu, wakamwambia unaanzia mlangoni pangu, karibu ndani. Aliwauliza wa njano, wakamwambia unaanzia pale kelele zinapoishia. Mwanamke mmoja wa kijani, ambaye alikuwa amepumzika miaka kumi na mmoja na shingo inamuuma, alimwambia, "Mji unaanzia pale unapokatazwa kitu kwa mara ya kwanza." Jibu hilo alilipenda. Alitembea nalo siku tatu. Kisha akaona halitoshi, maana hata kwao porini alikatazwa vitu vingi, na hapakuwa mjini.

Akazidi kuuliza. Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayegonga tikiti maji kusikiliza lina sauti gani.

*

Siku moja Mkuu wa Karatasi alimwita ofisini.

Ofisi ilikuwa ya kijivu. Kijivu ni rangi ya wale wanaowapaka wengine rangi, na sifa yake ni kwamba ukisimama hapo humkumbuki mama yako. Hata Mbonea, alipoingia, alijua tu kwamba lazima alizaliwa na mtu.

"Mzee Mbonea," alisema Mkuu, bila kuinua kichwa. "Umebakiza siku ngapi?"

"Za kuishi au za kazi, Mkuu?"

"Za kazi. Hizo nyingine si idara yangu."

"Saba."

Mkuu akageuza karatasi ndogo mezani, akaisukuma kwa kidole. Ilikuwa na mraba wa njano, mdogo kama ukucha, na ndani yake limeandikwa jina la Mbonea.

"Kiwanja chako. Nimekichora mwenyewe."

Mbonea hakukigusa. Alikitazama. Kuna watu hutaka ufalme, kuna watu hutaka wajukuu. Yeye kwa miaka thelathini alikuwa ametaka kitu kimoja tu, kuamka mara mbili mahali pamoja. Aliamini kwamba mtu akiamka mara moja mahali, aliyeamka anaweza kuwa yeyote. Ni mara ya pili, unapofumbua macho ukaukuta ufa ule ule wa ukuta ukikusubiri, ndipo unaposema: aa, kumbe ni mimi.

"Kabla hujakichukua," alisema Mkuu, "kuna mahali pamezidi."

"Pamezidi nini?"

"Pamezidi. Njoo uone." Akafungua karatasi kubwa. "Toka mtoni hadi kilimani, minyororo thelathini na tisa. Nyekundu inaishia hapa, njano inaanzia hapa hapa, mstari mmoja. Si ndiyo? Lakini watu wanaotoka nyekundu kwenda njano wananiletea malalamiko kwamba wanachoka kama watu waliotembea arobaini. Mmoja alitoweka muda akarudi na hindi la kuchoma mkononi. Penye nyekundu wanauza mahindi ya kuchoma?"

"Hapana, Mkuu. Moto ni zambarau."

"Penye njano?"

"Kule wanakula tu."

"Sasa lilichomwa wapi?"

Mbonea alisikia kitu kikitikisika ndani yake, kidogo, kama jino.

"Karatasi haikosei," alisema Mkuu. "Ardhi ndiyo imezidi, kwa mnyororo mmoja. Nenda ukapime, uniletee thelathini na tisa. Ukishaleta, mafundi wa pindo watakuja, watashika ukingo wa nyekundu na ukingo wa njano, watavuta, watashona. Ziada itaingia ndani, kama kitambaa kilichozidi kwenye suruali."

"Na watu waliomo?"

"Kwenye karatasi hamna watu mahali hapo."

"Nitapima na nani? Mtu wangu wa mbele alikufa."

"Mtu wa mbele wa nini? Jibu si tunalo?" Mkuu akarudisha ule mraba wa njano upande wake wa meza. "Siku saba, mzee. Na siku za mwizi ni arobaini, usiniletee arobaini."

*

Basi Mbonea akatupa mnyororo begani akaenda peke yake. Alipita katikati ya nyekundu, akauza kofia yake kwa mtu asiyeitaka, akainunua tena kwa hasara. Alifika mwisho wa maduka. Kwa kawaida hapo mguu mmoja ukiwa asubuhi mwingine unaingia jioni. Safari hii mguu wa pili haukuingia popote alipopajua.

Kulikuwa na ua wa masale. Yale majani marefu, ya kijani, yanayosimama kama mikuki ya watu wasio na haraka. Kila mtu aliyetoka milimani aliyajua. Masale hupandwa mpakani, na hakuna mkono unaothubutu kuyang'oa. Tena ukimkosea mtu unakata jani lake moja, unalifunga fundo, unampelekea. Na aliyepelekewa isale hakatai. Hata kama ulimuulia ng'ombe. Hata kama ulimuulia zaidi ya ng'ombe. Mbonea hakuwahi kujiuliza kwa nini mmea wa kutenganisha watu ndio huo huo wa kuwapatanisha. Sasa alijiuliza, akaona raha ya kujiuliza, akaingia.

Ndani palikuwa na upana wa hatua thelathini, na kila kitu kilikuwamo. Nyumba ya udongo. Meza ya nyanya. Jiwe la kusagia. Mbuzi. Kaburi lililosakafiwa vizuri, na juu ya kaburi nguo zimeanikwa. Juu ya nyanya kulikuwa asubuhi, zina umande. Juu ya jiwe la kusagia kulikuwa saa sita. Juu ya kitanda cha kamba, pale pale uani, kulikuwa jioni, na paka amelala ndani ya jioni hiyo mkia nje.

Penye moto alikuwa ameketi bibi kizee akichoma mahindi.

"Shikamoo, bibi," alisema Mbonea.

"Marahaba," alijibu, akageuza hindi. Na aliyemaliza kuligeuza alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na mitano, ameona haya. "Ai, baba, nisamehe. Shikamoo wewe."

"Marahaba."

"Usikae nayo sana," alisema, ni bibi kizee tena. "Nitaitaka tena sasa hivi."

Mbonea akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu penye kijani, ambako kucheka kulikuwa na ratiba.

"Hapa salamu hiyo tumeiacha," alisema mwanamke. Sasa alikuwa wa makamo, na akabaki hapo kidogo, kama mtu aliyechagua kiti. "Inatuchosha. Tunaulizana tu kama umekula. Mimi Nakiete. Umekula?"

"Bado."

"Basi kaa. Huo mnyororo weka mbali na mbuzi, atautafuna."

Akachomoa hindi kwenye makaa kwa kipande cha chuma, akampa. Chuma kile kilikuwa kirefu kama toka kiwikoni hadi ncha za vidole. Kilikuwa na pete kichwani. Na pete ilikuwa imepinda upande mmoja.

Mbonea hakula. Aliitazama pete. Aliipinda yeye mwenyewe, zamani, kwa jiwe, ili iingie vizuri kwenye kidole gumba chake. Alinyoosha mkono, akatia kidole. Kikaingia.

Mvua. Ndiyo, kulikuwa na mvua inakuja. Mtu wa mbele anapiga kelele, twende, twende. Moshi wa mahindi. Mwanamke mmoja penye moto, na wakati ule palikuwa porini, hapakuwa na nyekundu wala nini, anasema, kijana, umekula? Bado. Kaa basi. Mshale umechomekwa hapa, karibu na mafiga. Nitaung'oa nikimaliza. Hindi tamu. Hindi tamu sana. Twende wewe! Naja. Na kilimani, mishale mingapi? Thelathini ya mwanzo imekwisha kuandikwa, kumi kumi. Mkononi moja, mbili, tatu. Tisa. Thelathini na tisa. Andika. Na jioni, kambini, nikichonga mshale mwingine kutoka waya wa uzio, ili mtunza stoo asijue. Nilijua kimepotea chuma. Sikujua umepotea mnyororo. Au nilijua. Au nilijua vile mtu anavyojua jino linatikisika, anatafunia upande wa pili miaka thelathini.

"Baba, hindi linapoa," alisema Nakiete.

"Hiki chuma ulikipata wapi?"

"Alikiacha mama. Yule pale." Akaonyesha kaburi kwa kidevu. "Alikuwa akisema, alikuja mtu akala hindi akaniachia chuma. Watu wazuri, alisema. Hakuwa na kijiti cha kugeuzia tangu asubuhi."

Hapo Mbonea akamweleza yote. Hakupamba. Alimwambia kwamba mji ulipimwa toka mtoni hadi kilimani, kwamba mtu wa nyuma alikuwa yeye, kwamba alisahau mshale mmoja, na kwa hiyo karatasi ilikuwa fupi kuliko ardhi kwa mnyororo mmoja. Wachora rangi walipaka walichokiona kwenye karatasi. Mnyororo uliobaki haukupakwa kitu, kwa sababu kwao haukuwepo. Na mahali pasipopakwa kitu ndipo walipo sasa.

Nakiete alisikiliza bila kuacha kugeuza mahindi. Alikuwa msichana, akawa bibi, akarudi.

"Kwa hiyo mimi nimeishi maisha yangu yote ndani ya usahaulifu wako," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya hindi."

"Lilikuwa tamu."

"Hee!" Akapiga makofi mara moja. "Wenzangu nchi zao zilipatikana kwa vita. Yangu imepatikana kwa ulafi."

Lakini aliposikia habari ya mafundi wa pindo hakucheka.

"Tutakufa?"

"Hapana. Mtakuwa ndani ya pindo."

"Kama kokoto kwenye suruali."

"Kama hivyo."

"Kokoto halichomi mahindi. Na wewe wanakupa nini?"

Mbonea akaona hakuna haja ya kuficha. "Kiwanja. Cha njano. Niamke mara mbili mahali pamoja."

"Kikoje?"

Akamwonyesha kwa ukucha wa kidole.

"Kizuri," alisema Nakiete. "Kina dirisha?"

"Kina mistari minne."

"Utalala umejikunja, baba. Wewe mrefu hivyo." Akatema kipande cha ganda la hindi. "Sikia. Mimi sikuombi. Kapeleke hiyo thelathini na tisa yako, mimi nitakuelewa, mtu mzima anataka kwake. Ila usije ukapita tena hapa ukisikia njaa. Hapatakuwa na hapa."

Hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angelia. Akanyanyuka, akaenda penye ua wa masale, akakata jani moja la isale, akalifunga fundo, akarudi nalo mikono miwili, amepiga goti.

Nakiete akalitazama jani, akamtazama yeye, akaangua kicheko cha watu watatu kwa pamoja.

"Radhi ya nini? Usingesahau chuma mimi ningezaliwa wapi? Inuka, utachafua suruali! Hilo si langu. Aliyepunjwa ni karatasi. Kampelekee mwenye karatasi."

Mbonea alibaki na goti chini.

"Mwenye karatasi," alirudia.

"Ndiyo. Ni mtu wa wapi?"

"Hakuna ajuaye. Ofisini hawakumbuki mama zao. Anaitwa Mkuu. Zamani, kabla ya kijivu, alikuwa Kirama."

"Kirama?" Nakiete akaacha mahindi. "Kirama wa yule mama muuza magadi? Alikuja naye hapa kununua nyanya. Analia, anataka kubebwa, kamasi hadi hapa. Ilikuwa jana. Au itakuwa kesho kutwa. Mimi hapa sijui."

*

Siku sita Mbonea alipima. Hakuwa na haja ya kupima, jibu alikuwa nalo kidoleni, lakini alitaka kuona kama ardhi itamwambia kitu. Alipima toka mtoni hadi kilimani, akapata arobaini. Akapima toka kilimani hadi mtoni, akapata arobaini. Na kila alipovuka ule ua alisikia jambo ambalo alichukua muda kulitambua, kwa sababu lilikuwa jambo la kukosekana. Humo hakuna kitu kilichomwambia awe nani. Kwanza aliona kizunguzungu, kama mtu aliyeegemea mlango ukafunguliwa. Baadaye akawaza. Je, rangi ndiyo inayomfanya muuzaji auze, au muuzaji ndiye aliyeuza siku moja kwa shida zake, mwingine akapita na karatasi akaandika, hapa wanauza, na tangu siku hiyo mtoto wake na mjukuu wake hawawezi kulala? Nani alitangulia, mguu au mstari? Na kama mstari ulikuja nyuma ya mguu, kwa nini mguu ndio unaoomba ruhusa? Alikaa juu ya jiwe la kusagia, saa sita ya jiwe ikimchoma utosi, akawaza hadi mbuzi akamtafuna kamba za kiatu.

Alikiwaza pia kiwanja. Hakujidanganya. Kila alipofumba macho aliuona ule mraba mdogo wa njano, na jina lake ndani yake, limeandikwa kwa mkono mzuri. Mtu asiyewahi kukosa mahali asikwambie kwamba mahali si kitu.

Siku ya saba wakaja. Mkuu wa Karatasi mbele, ramani kwapani, na nyuma yake mafundi wa pindo kumi na wawili, wana sindano ndefu kama mipini ya majembe na kamba begani. Walisimama mwisho wa nyekundu. Mbonea alisimama ndani ya ua, mikono nyuma.

"Ngapi?" aliuliza Mkuu.

"Arobaini."

Uso wa Mkuu ukakunjamana. Akafungua kinywa kutoa amri. Lakini alikuwa amesimama penye nyekundu, na nyekundu haimjui mkubwa.

"Thelathini na tisa," alisema, "tumalizane."

"Arobaini, Mkuu."

"Thelathini na tisa na nusu. Kwa sababu ni wewe."

"Arobaini."

"Mzee, unaniua! Thelathini na tisa, na dirisha nakuongezea. Madirisha mawili! Nenda kaulize kwingine kama utapata!" Mkuu akajishika mdomo. Mafundi wakatazama chini. Jasho likamtoka, akaona afadhali atoke pale haraka, na njia ya karibu ya kutoka ilikuwa mbele. "Nionyeshe huo wa arobaini," alisema, akavuka ua wa masale.

Ndani, akasimama. Mabega yalishuka. Alikuwa mzee wa miaka themanini, mikono inatetemeka, ramani inamponyoka. Kisha alikuwa mtoto, koti la ofisi linaburura chini, kamasi hadi pale Nakiete aliposema. Aligeuka akaangalia huku na huku penye meza ya nyanya. Alikuwa akimtafuta mtu.

Mbonea akapiga goti. Akatoa mikono nyuma. Jani la isale, limefungwa fundo, juu ya viganja viwili.

"Kirama," alisema, "mwana wa mama muuza magadi. Nimekukosea."

Kuna mambo mtu hufundishwa na shule, hayo huyasahau. Kuna mambo hufundishwa na ofisi, hayo huyashikilia. Na kuna mambo hufundishwa mgongoni, amefungwa kwa kanga, kabla hajajua kwamba yeye na mgongo ule ni watu wawili. Mikono ya Mkuu ilinyooka yenyewe. Ikapokea.

"Nimekusamehe," kinywa kilisema.

Hindi moja likapasuka motoni.

"Nimekusamehe nini?" aliuliza Mkuu, akiwa wa makamo tena.

"Mshale mmoja," alisema Mbonea. "Niliuacha hapa miaka thelathini iliyopita. Karatasi yako imepungua mnyororo mmoja, na aliyeipunguza ni mimi. Umekwisha kunisamehe."

Mkuu alilitazama jani mkononi mwake kama mtu aliyekuta saini yake mahali asipokumbuka. Akageuka kwa mafundi. Lakini mafundi nao walikuwa na migongo waliyobebwa. Wa kwanza alikuwa amekwisha kulaza sindano chini. Akasema, kwa adabu, "Mkuu, kosa lililokwisha kusamehewa halishonwi. Ukisamehe umekubali lilikuwapo." Wa pili akaweka yake. Zililia zikigusa mawe, moja moja, hadi kumi na mbili.

"Umekula?" Nakiete alimuuliza Mkuu.

Mkuu alirudi hadi ukingoni, na aliposimama salama juu ya mstari, hana rangi wala umri, alisema bila kugeuka:

"Sitapakunja."

"Ahsante, Mkuu."

"Wala sitapachora. Na kiwanja ni cha mtu asiyekosea." Akatoa mfukoni kile kikaratasi, akatoa na kifutio, akafuta jina mbele ya macho ya Mbonea, taratibu, herufi moja moja, akapuliza vumbi la kifutio. Kisha akaondoka na jani lake, maana hakujua jinsi ya kulitupa.

Mbonea alisimama pale muda mrefu. Hakujiona shujaa. Alijiona kama mfuko uliogeuzwa nje.

*

Usiku ule alilala kwenye kitanda cha kamba, ndani ya jioni, na paka. Alipofumbua macho aliona ua wa masale na hakujua ni nani anayeuona. Siku iliyofuata alifumbua macho, na ua wa masale ulikuwa pale pale, na jani moja kati ya majani lilikuwa limekatwa, na alijua ni nani aliyelikata.

Akakaa kitako.

"Umekula?" aliita Nakiete kutoka penye moto.

"Bado. Nipe kwanza chuma chako."

"Na mahindi nitageuza na nini?"

"Nitakuchongea kijiti."

Akauchukua mshale, akaenda karibu na mafiga, akatafuta kwa kisigino hadi akapata mahali ambapo udongo ulikuwa na kumbukumbu ya tundu. Akauchomeka. Akafunga kwenye pete utepe mwekundu aliouchana kwenye shati lake. Akamkabidhi Nakiete ncha ya nyuma ya mnyororo, akashika ya mbele, ambayo hakuwahi kuishika maishani, akatembea nao hadi ukakaza. Mkononi hakuwa na hesabu yoyote, ila lile swali lake la mji unaanzia wapi. Mbele yake hapakuwa na rangi.

"Baba!" alipaza sauti Nakiete nyuma yake, mguu mmoja kando ya mshale, hindi kwapani. "Niung'oe sasa?"

"Usiung'oe."

"Sasa tutahesabuje?"

Mbonea aligeuka, akamwona, akauona na mshale umesimama.

"Kuanzia hapo," alisema.